Safu za anwani zinazobeba intaneti ziandikwe rejistani mapema, maana kichujio hakimjui mtu kwa sura

MlinziWaNjia (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Jambo hili nimelibeba muda mrefu, leo nalitua hapa. Ni refu kidogo, anayeweza avute kiti.

Nawalenga wanaoendesha vitu ambavyo watu wote wanavitegemea bila kujua kama vipo: seva za mzizi za DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba; mzizi ndipo utafutaji unapoanzia), seva za vikoa vya ngazi ya juu kama .com, hazina za RPKI (mfumo wa saini za kidijitali zinazothibitisha nani anaruhusiwa kutangaza safu ipi), vituo vya kubadilishana trafiki. Safu yako ya anwani iwe imeandikwa rejistani sawasawa. Iandikwe ni ya nani, ni AS ipi (yaani mtandao upi, kila mmoja una namba yake ya AS) inaruhusiwa kuitangaza, na kwa urefu gani. Ruta za watu ambao hamjawahi kuonana zinasoma rekodi hiyo kila siku, na kutokana nayo zinaamua kama upo au haupo.

Niwape kisa changu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu iliyoendesha seva za DNS za kikoa cha ngazi ya juu. Tulikuwa na safu moja ya /24 (anwani 256; namba baada ya mkwaju ndiyo urefu, na ikikua safu inakuwa ndogo) tunaitangaza kutoka kituo kimoja. Hapa nitaiita 192.0.2.0/24, na namba yetu nitaiita AS64500. Hizo zimetengwa kwa ajili ya mifano, msihangaike kuzitafuta. Tukaongeza kituo cha pili kwa mtindo wa enikasti, yaani safu ileile inatangazwa kutoka sehemu mbili na kila swali linaishia kituo kilicho karibu nalo kwa njia. Kituo cha pili kilikuwa na namba yake, tuseme AS64501.

Tukawasha. Grafu zikapanda. Tukapongezana, tukaenda kulala.

Kilichosahaulika ni mstari mmoja. ROA yetu, yaani rekodi iliyosainiwa ya RPKI inayotaja AS yenye ruhusa ya kutangaza safu, ilikuwa inaitaja AS64500 peke yake, na rekodi ya route kwenye rejista ya njia vilevile. Kwa mtandao wowote unaohakiki matangazo kwa ROA, tangazo la kituo cha pili lilikuwa batili tangu dakika ya kwanza. Hakuna aliyeumia siku hiyo, kwa kuwa waliolikataa tangazo la pili waliendelea kwenda kituo cha kwanza kama kawaida yao. Ugonjwa ukalala wiki tatu.

Wiki ya nne, saa nane usiku, tukazima kituo cha kwanza kwa matengenezo tukijua cha pili kinabeba. Vipimo vyetu vyote vilikuwa kijani, kwa sababu vilikaa ndani ya mtandao wa mtoa huduma ambaye wakati ule hakuwa akihakiki chochote. Malalamiko nayo hayakuja kwa mkupuo. DNS ina tabia hiyo: majibu yanatunzwa kwenye akiba za watu mpaka muda wake uishe, kwa hiyo ukifa leo wengine watajua baadaye. Simu ya kwanza ikaingia baada ya dakika kama kumi, ya pili ikafuata, halafu hazikukatika. Jamaa mmoja upande wa pili ananiambia, "Seva zenu hazipo." Mimi naangalia skrini namjibu zipo. Anasema hazipo. Na wote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Aliyetuokoa ni mwenzetu aliyeingia kwenye kioo cha kutazamia njia (ukurasa wa umma unaoonyesha njia ambazo ruta za mtandao fulani zinaziona) cha mtandao mwingine na kuuliza safu yetu. Jibu likaja tupu. Kurudisha kituo cha kwanza haikuwezekana haraka, ruta ilikuwa mezani imefunguliwa na kadi zimetolewa. Tukaongeza ROA ya AS64501. Baadhi ya mitandao ikatuona ndani ya nusu saa, mingine ikapita saa nzima. Na kulikuwa na mtoa huduma mmoja ambaye kichujio chake kinatengenezwa kutoka rejista mara moja tu kwa siku, alfajiri. Huyo tulimsubiri mpaka kumekucha.

Kosa lilikuwa letu asilimia mia. Kila mtandao uliotukataa ulifanya kazi yake inavyotakiwa, na kama mimi ndiye niliyekuwa upande wao ningetukataa pia.

Kipanga_4

Pole sana mkuu. Sisi wengine tuko upande wa seva, mambo ya ruta tunayasikia kwa mbali. Hebu eleza taratibu: kwa nini ruta isome rejista? Si wewe mwenyewe umetangaza safu yako, inatosha?

MlinziWaNjia

Swali zuri mkuu. BGP, lugha ambayo ruta za mitandao zinaambiana njia, ni itifaki inayoamini inachoambiwa. Mtandao wowote ukisema "safu hii iko kwangu", majirani wanapokea na kuwaambia majirani zao. Hakuna mahali ndani ya itifaki yenyewe panapouliza cheti cha umiliki. Na kuna kanuni moja ya ruta ambayo haina huruma: safu ndogo zaidi inashinda. Ukitangaza /22 na mwingine akatangaza /24 iliyo ndani yake, trafiki ya /24 hiyo inakwenda kwake, hata kama wewe ndiye mwenye mali.

Mfano unaojulikana ni wa tarehe 24 Februari 2008. YouTube walikuwa wakitangaza 208.65.152.0/22. Pakistan Telecom, AS17557, walitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi yao, wakatangaza 208.65.153.0/24. Tangazo likamfikia mtoa huduma wao wa juu, PCCW, naye akalipitisha duniani bila kulichuja. Dunia nzima ikaanza kuipeleka trafiki ya YouTube mahali ambapo inatupwa. YouTube wakajibu kwa kutangaza /24 hiyohiyo, kisha wakaikata vipande viwili vya /25, na tatizo likaisha kabisa pale PCCW walipolikata tangazo lile. Ilichukua saa mbili na ushee.

Sasa jiulize PCCW wangelizuiaje. Wangehitaji sehemu ya kutazama inayosema mteja huyu ana haki ya kutangaza safu zipi. Sehemu hiyo ndiyo rejista ya njia, IRR. RADB ya shirika la Merit iko tangu miaka ya 1990, na rejista za kanda zinazogawa anwani, kama RIPE, APNIC, ARIN na AFRINIC, zina zao. Rekodi yenyewe ni maandishi tu. Hii ni ya seva ya mzizi inayoitwa K:

route: 193.0.14.0/24
origin: AS25152
source: RIPE

Maana yake safu 193.0.14.0/24 inatarajiwa kutoka AS25152. Mtoa huduma anakusanya rekodi zote za wateja wake kwa programu kama bgpq4, anapata orodha, anaipakia kwenye ruta. Kilichomo kinapita. Kisichokuwemo kinaachwa nje, kiwe cha mwizi au cha mwenye mali aliyesahau kuandika.

MzeeRuta

Nimeusoma uzi huu kwa makini. Mimi ni wa zamani kidogo, niwape historia, kwa sababu suala la "safu muhimu" lina umri mkubwa kuliko RPKI.

Miaka ya 1990 meza za njia zilikuwa zinajaa haraka kuliko kumbukumbu za ruta. Wabebaji wakubwa wakaanza kukataa safu ndogo, wengine wakaishia /19. Anayetangaza /24 alikuwa hana uhakika wa kufika kila mahali. Tatizo ni kwamba seva za mzizi zinakaa kwenye safu ndogo. Seva moja haihitaji anwani elfu kumi, inahitaji chache tu, ila izifikiwe na kila mtu.

Halafu ikaja adhabu ya njia zinazoyumbayumba. Njia ikizima na kuwaka mara kwa mara, ruta inaifungia kwa muda. Mapendekezo ya RIPE yaliifungia /24 kwa muda mrefu kuliko safu kubwa. Maana yake ni kwamba kamba ikilegea tu kwenye kituo cha seva ya mzizi, safu yake inafungiwa kuliko zote. Ndiyo maana hati ya RIPE-229 ya mwaka 2001 ilizungumzia mitandao ya dhahabu, yaani orodha ya safu za seva za mzizi ambazo zisiguswe na adhabu hiyo. Mwaka 2006 RIPE-378 ikashauri adhabu yenyewe iachwe, lakini wazo la safu za dhahabu likabaki vichwani mwa watu.

Rejista za kanda nazo zikatafuta dawa yao. Sera ya ARIN inampa mwendeshaji wa miundombinu muhimu safu isiyopungua /24, na inazitoa safu hizo kutoka bloku maalumu zilizotangazwa hadharani. Sababu ni mtengeneza kichujio. Akishajua bloku fulani ni ya miundombinu muhimu, anaruhusu safu ndogo humo hata kama kwingine anazikataa. Kwenye IPv6 ndivyo hivyo. Tazama seva ya mzizi ya F, 2001:500:2f::f, na ya H, 2001:500:1::53. Zote zinatoka bloku ya 2001:500::/30. Hapo utaona kuwa kuandika safu na kuchuja njia vilizaliwa pamoja.

Kipanga_4

Mzee nimekuelewa vizuri. Ila hapo hapo napata wazo: seva za mzizi ziko herufi 13 tu. Kwa nini kila mtandao usiandike safu hizo kwa mkono kwenye ruta zake, mara moja, ikawa imekwisha? Hatuhitaji kusoma rejista kila siku kwa vitu ambavyo havibadiliki.

MzeeRuta

Kijana wangu, hapo kwenye "havibadiliki" ndipo wengi tulipoumia.

Seva ya D ilibadili anwani Januari 2013. Ya H, Desemba 2015. Ya B ilibadili mwaka 2017, ikabadili tena Novemba 2023. Ruta iliyoandikwa kwa mkono mwaka 2012 na kusahaulika ina orodha ya wafu.

Ya L ndiyo yenye funzo zaidi. Tarehe 1 Novemba 2007 ICANN, waendeshaji wake, waliihamisha kutoka 198.32.64.12 kwenda 199.7.83.42. Miezi iliyofuata, mitandao mingine isiyo ya ICANN ikakutwa inatangaza 198.32.64.0/24, na kuna seva nyuma yake inajibu maswali kama mzizi. Hakuna aliyeonyesha kwamba majibu yale yalikuwa ya uongo. Lakini fikiria: yeyote aliyekuwa na orodha ya mkono inayosema "hii ni safu ya dhahabu, ipite bila kuguswa" alikuwa amemfungulia mlango mtu asiyemjua, tena mlango wa heshima.

Na kuna upande wa pili, wa orodha za kukataa. Kabla ya anwani za IPv4 kuisha kwenye ghala la IANA, wanaozigawia rejista za kanda anwani, Februari 2011, watu walichuja bloku ambazo bado hazijagawiwa, wakaziandika kwa mkono. Agosti 2002 IANA ikaikabidhi 69.0.0.0/8 kwa ARIN. Waliopewa anwani za humo wakajikuta hawafiki sehemu nyingi, kwa sababu ruta za watu bado zilisema bloku ile haina mwenyewe. Ilibidi wawatafute mtandao mmoja mmoja, barua baada ya barua, wakiomba vichujio virekebishwe. Hawakukosea popote hao. Walipewa anwani halali siku ambayo dunia ilikuwa inasoma daftari la jana.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu: safu muhimu itambuliwe kwa rekodi inayosomwa upya kila mara. Ikiandikwa kwa mkono, iwekewe tarehe ya kupitiwa na jina la anayewajibika. Vinginevyo usiandike.

DadaPaketi

Naunga mkono mzee, ila niongeze kitu kinachonikera. Tunasema "andika kwenye rejista" kama vile rejista zote ni sawa. Si sawa hata kidogo.

Rejista ya kanda inajua ilimpa nani safu gani. Ukitaka kuandika rekodi humo kwa safu isiyo yako, inakukatalia. Lakini kuna rejista za IRR ambazo kwa miaka mingi zilipokea karibu chochote. Yaliyotokea Agosti 2022 yanatosha kumfanya mtu asilale. Washambuliaji waliingiza rekodi za uongo kwenye rejista ya IRR iitwayo ALTDB ili AS209243 ionekane ina haki ya kupitisha safu ya Amazon. Kisha wakatangaza 44.235.216.0/24, na mwisho wa njia wakaweka namba ya Amazon yenyewe. Kichujio cha mbebaji wa juu kikasoma rejista, kikaikuta rekodi, kikapitisha. Watumiaji wa huduma ya Celer Bridge wakapelekwa kwenye ukurasa bandia, wakaibiwa sarafu za kidijitali za kama dola 235,000. Kichujio kilifanya kazi. Rejista ndiyo iliyodanganywa.

Ndiyo maana naisukuma RPKI kwa nguvu zangu zote. ROA inasainiwa kwa ufunguo unaotokana na rejista iliyokugawia anwani, kwa hiyo asiye na safu hawezi kuitolea ROA. Mtandao unaohakiki unapata moja ya majibu matatu: halali, batili, au haikupatikana ROA yoyote. Batili inatupwa. IRRd toleo la 4, programu ya kuendeshea rejista za IRR, nalo linaweza kuzificha rekodi za IRR zinazopingana na ROA, na hilo limesafisha uchafu mwingi wa zamani.

Kwa safu muhimu nina ombi moja la dhati: muwe wagumu kwenye urefu. ROA ina sehemu ya urefu wa juu. Watu wana /20, wanatangaza /20, halafu wanaandika urefu wa juu /24 "tusije tukahitaji baadaye". Hapo umemkaribisha mtu atangaze /24 yako huku akiweka namba yako ya AS mwisho wa njia. Tangazo lake litasoma halali, na kwa kuwa ni safu ndogo zaidi, litashinda. Hati ya kiufundi RFC 9319 ya mwaka 2022 imelieleza hili vizuri: toa ROA kwa kile unachokitangaza, basi.

Na funguo za akaunti jamani. Tarehe 3 Januari 2024 mtu aliingia kwenye akaunti ya RIPE ya Orange España kwa nenosiri lililoibwa, akatoa ROA zenye AS isiyo yao. Njia halali za Orange zikawa batili, mitandao inayohakiki ikazitupa, wateja wakabaki gizani kwa saa kadhaa. Hakugusa ruta hata moja. Akaunti hiyo haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Anayeshika akaunti ya rejista ameshika swichi ya umeme ya mtandao mzima, na kwenye ofisi nyingi akaunti hiyo bado iko mikononi mwa mtu wa malipo aliyeifungua ili alipie ada ya mwaka.

Swichi_Mezani

Dada hapo kwa mtu wa malipo umenigusa, kwetu ilikuwa hivyo mpaka mwaka jana.

Mimi nafanya kazi upande wa vituo vya kubadilishana trafiki, naomba nitetee safu zetu kidogo, kwa kuwa zinahitaji kinyume cha mnachosema. Seva ya DNS inataka ionekane dunia nzima. Safu ya meza yetu, ile ambayo ruta za wanachama zinakutania, haitakiwi kutangazwa nje kabisa. Inatakiwa iwe imeandikwa ili watu wajue ni ya kukataa.

Sababu ya kwanza ni mashambulizi. Machi 2013, kwenye lile shambulio kubwa dhidi ya Spamhaus, shirika la kupambana na barua taka, washambuliaji walihamia kwenye anwani za meza za vituo, na kituo cha LINX cha London kikatikisika. Safu isipofikika kutoka nje, mshambuliaji hana pa kuipigia.

Ya pili ni ya ndani zaidi. Mwanachama mmoja akipokea kutoka kwa jirani kipande kidogo cha safu ya meza yetu, tuseme /25 ndani ya /24, ruta yake iliyochomekwa moja kwa moja kwetu inaweza isione tatizo. Ila ruta zake za ndani zaidi, zinapotafuta hatua inayofuata, zinafuata kile kipande na kwenda kwingine kabisa. Trafiki inapotea, na ukikagua kebo utakuta zote zinawaka.

Kwa hiyo tunaitolea ROA ya AS0. Kwa lugha ya RPKI hiyo inamaanisha hakuna AS yenye ruhusa ya kuitangaza. Angalizo tu: kukiwa na ROA nyingine ya safu hiyo yenye AS halisi, hiyo nyingine inaruhusu. AS0 haifuti ruhusa ambayo umeshaitoa mwenyewe. Na PeeringDB, hifadhidata ya wazi ya mitandao na vituo, iandikwe ukweli, maana wengi wanatengeneza vichujio vyao kutoka huko.

MlinziWaNjia

Asanteni sana. Dada, hapo kwenye urefu wa ROA nakubaliana nawe kabisa. Tulikuwa na kosa hilo pia kwenye safu nyingine, tukalirekebisha wiki ileile ya msiba wetu.

Nigusie jambo moja ambalo halijasemwa, kwa sababu linanitia wasiwasi kuliko yote: hazina za RPKI zenyewe. Programu ya kuhakiki inachota ROA kutoka kwenye seva fulani. Seva hiyo ina jina, kwa hiyo inahitaji DNS. Ina anwani, kwa hiyo inahitaji njia. Na njia hiyo inachujwa kwa ROA ambazo zimo ndani ya seva hiyohiyo. Seva ikizimika tu, athari zake ni za taratibu: data ya zamani inaisha muda, safu zinarudi kwenye hali ya "haikupatikana", na mitandao mingi inaendelea kuzipokea. Lakini mwenye hazina akitoa ROA yenye kosa inayofanya safu ya hazina yake iwe batili, wanaohakiki wataitupa njia ya kufikia hazina. Akirekebisha, marekebisho yanakaa ndani ya nyumba ambayo wageni hawawezi tena kuifikia. Amejifungia ufunguo ndani.

Mwenye hazina basi asiweke mayai yote kwenye safu moja chini ya AS moja. Na safu hiyo isiguswe na mtu mmoja usiku akiwa peke yake.

Kipanga_4

Nimeelewa sasa, na nimeanza kuogopa. Sisi tuna /24 mbili za seva za DNS. Nianzie wapi kesho asubuhi?

MlinziWaNjia

Anza kwa kujitazama kama jirani anavyokutazama. Usifungue ruta yako kwanza, hiyo itakuambia unachokitaka. Uliza rejista:

whois -h whois.radb.net '!gAS64500'

Weka namba yako badala ya hiyo. Itakurudishia safu zote za IPv4 zilizoandikwa kwa jina la AS yako. Ukiandika !6 badala ya !g unapata za IPv6, na hizo ndizo zinazosahaulika zaidi. Halafu geuza swali: tafuta safu yako yenyewe, uone ni AS zipi zimeandikwa juu yake. Hapo ndipo watu wanapopata mshtuko.

Kisha tengeneza kichujio ambacho mtoa huduma wako anakitengeneza:

bgpq4 -4 -l KICHUJIO AS64500

Ukikosa safu yako kwenye majibu, na yeye ataikosa. Na muulize mtoa huduma kila mmoja: unasoma rejista zipi, na unasoma saa ngapi? Swali la saa ni muhimu kuliko linavyoonekana. Sisi lilitugharimu usiku mzima.

Kwenye ROA, taja kila AS itakayotangaza, pamoja na ile ya dharura. Kama una mkataba na kampuni ya kusafisha mashambulizi ambayo siku ya shida itatangaza safu yako kwa namba yake, ROA yake na rekodi yake ya route ziwepo leo. Siku ya shambulio hutakuwa na nafasi ya kusubiri saa nzima. Dada atasema kila ruhusa ya ziada ni mlango, na ni kweli, ndiyo maana mkataba ukiisha ruhusa iondoke siku hiyohiyo.

Na kipimo kikae nje. Walau kimoja kiwe ndani ya mtandao unaotupa njia batili. Kingekuwepo hicho tu, ugonjwa wetu wa wiki tatu ungeonekana siku ya kwanza.

Kipanga_4

Wakuu narudisha mrejesho. Nimefanya kama mlivyosema.

Safu ya kwanza iko sawa, ROA ipo, urefu ni /24 kamili. Safu ya pili haikuwa na ROA kabisa. Hatukuwa na habari. Na kwenye rejista moja isiyo ya kanda yetu nimekuta rekodi ya safu hiyo yenye AS ya mtoa huduma tuliyeachana naye zamani. Hata mfanyakazi mwenzangu wa siku nyingi hakumbuki nani aliiandika. Kwa maneno mengine, kwa miaka yote hiyo, kichujio chochote kinachosoma rejista ile kingewaruhusu waitangaze DNS yetu.

Nimewaandikia waiondoe, hawajajibu. Nifanyeje?

DadaPaketi

Toa ROA ya AS yako kwanza, leo, usisubiri majibu yao. Ikishakuwepo, rekodi ile itakuwa inapingana nayo, na rejista zinazochuja kwa RPKI zitaacha kuionyesha. Kisha waandikie wanaoendesha rejista yenyewe, si mtoa huduma wa zamani. Waambie safu ni yako na waelekeze kwenye rekodi ya ugawaji ya rejista ya kanda. Usisahau kutazama kwa kioo cha nje baada ya saa moja.

Kipanga_4

ROA nimetoa saa nne asubuhi. Saa tano na dakika ishirini vioo vitatu vya nje vinaonyesha safu ni halali. Rekodi ya zamani nimeiuliza tena sasa hivi, haipo kwenye majibu.

Kesho nashika za IPv6.